Timu ya wodi huanzia kwenye majina

Wodini kwetu watu hubadilika kila mara: huyu kahamishwa, yule yuko mafunzo kwa vitendo. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto. Nikipokea watu wapya, kabla ya kugusa ratiba ya zamu nafanya haya.

1. Tajaneni majina. Kabla ya kukabidhiana zamu, kila mtu ataje jina na kazi yake, mhudumu wa usafi akiwemo. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina vipengele 19, na kimojawapo ni hicho: timu ijitambulishe kabla mgonjwa hajapasuliwa. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ilikuwemo.

Umuhimu wake niliujua kwa uchungu. Nikiwa mgeni kazini, usiku mmoja niliona dozi ya mtoto imezidi uzito wake. Daktari alikuwa chumba cha pili. Nikasita kumwendea, maana wiki tatu nzima hatukuwa tumesalimiana. Mfamasia ndiye aliyeuliza, mtoto akasalimika. Kilichonifunga mdomo ni ugeni. Dozi yenyewe nilikuwa naijua vizuri.

2. Salamu isikilizwe. Mdogo akikupa shikamoo, usiishie kwenye marahaba. Muulize amelalaje, kisha simama usikie jibu. Akikwambia mwanawe ana homa, kesho yake muulizie.

3. Chai ya saa nne. Wodi haiachwi tupu, kwa hiyo nendeni wawili wawili, tena mchanganye: dokta na mhudumu, sista wa zamani na mgeni. Maneno ya kazi yabaki wodini.

4. Msiba. Hapa ndipo viongozi wengi tunapokosea. Tunachangishana, bahasha inapelekwa, basi. Mfiwa hukumbuka nani alikuja kukaa naye mkekani na nani alimshikia zamu bila kunung'unika. Pangeni siku hiyohiyo: nani anakwenda, nani anabaki. Kiongozi aende mwenyewe.

5. Kosa lisemwe faraghani, siku hiyohiyo, kabla ya kwenda nyumbani. Kamwe si mbele ya mama wa mgonjwa.

Baada ya wiki mbili, muulize mhudumu wa usafi daktari wa zamu ya usiku anaitwa nani. Asipojua, rudini hatua ya kwanza.