Namna ya Kuitoa kwa Usalama Maikrowevu Iliyojengewa Ndani ya Kabati la Jikoni

Maikrowevu iliyojengewa ndani ya kabati haitolewi kama ile inayokaa juu ya meza. Imeshikwa kwa fremu na skrubu, waya wake umepita mahali usipopaona, na mara nyingi imewekwa juu ya ovena, usawa wa kifua au wa uso, ili mpishi asiiname. Nyingi zina uzito wa kati ya kilo 15 na 25, ambao mtu mzima anaumudu akiuinua kutoka sakafuni, lakini unaoweza kumwangusha akiuvuta kutoka juu huku mikono imenyooshwa. Kazi yenyewe haitaki ufundi mkubwa. Inataka watu wawili, muda usio wa pupa, na mpangilio ambao umeme unatangulia kila kitu.

Kuhusu umeme nitasema kwa kirefu, kwa sababu sisi wakazi wa Mombasa tuna mazoea yanayoweza kutuhadaa. Umeme ukipotea, mtu huona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuifungua mashine. Tokeni zikiisha, mwingine huona nyumba imekuwa salama. Hali zote mbili hazina usalama wowote, kwani umeme wa laini, ambao ni wa volti 240, hurudi bila kubisha hodi, na mtu wa nyumbani anaweza kununua tokeni kwa simu akaziingiza kwenye mita bila kujua kwamba wewe umeingiza mkono nyuma ya kabati. Katika majengo ya ghorofa ya Nyali na Kizingo yenye jenereta inayowaka yenyewe, umeme unaweza kurudi kabla hujamaliza kutafuta bisibisi.

Kwa hiyo, ianze kazi hii wakati umeme upo. Hakikisha saa ya maikrowevu inawaka, kisha nenda kwenye kisanduku cha swichi kuu uishushe breka ya jikoni, na urudi kutazama kama saa imezimika. Ikizimika, umeshuhudia kwa macho yako kwamba breka uliyoishusha ndiyo yake. Jambo hilo haliwezekani wakati umeme umepotea, maana saa inakuwa imezimika tayari na huwezi kutambua ni breka gani inayoihusu. Usidhani pia kwamba ovena iliyo chini yake imezimika pamoja nayo, kwa kuwa ovena kwa kawaida huwa na breka yake peke yake. Bandika karatasi juu ya kisanduku yenye maneno "Usiwashe, kuna mtu anafanya kazi", na uwaarifu wote waliomo nyumbani, wakiwamo vijana wanaopenda kupandisha breka pindi intaneti inapokatika.

Baada ya hapo tafuta plagi. Mafundi wengi huweka soketi ndani ya kabati la jirani, upande au juu, na waya hupitishwa kwenye tundu lililotobolewa ubaoni; ukiiona hapo, ichomoe kwa kushika plagi yenyewe wala usiuvute waya. Kama hakuna plagi popote na waya umeingia moja kwa moja ukutani, simama hapo na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati. Breka ndogo kwa kawaida hukata waya mmoja tu kati ya miwili inayopitisha umeme, na katika nyumba ambayo waya hizo zilipinduliwa wakati wa kujenga, saa itazimika lakini waya ulio hai utabaki hai.

Sasa andaa mahali pa kuitua. Meza imara iliyosogezwa karibu, yenye kimo kinachokaribia kile cha kabati, ni bora kuliko sakafu, na blanketi kuukuu juu yake litazuia mikwaruzo. Toa sahani ya kioo na pete yake ya magurudumu, kwa sababu zikibaki ndani zitateleza na kuvunjika. Vaa viatu vilivyofunika vidole, pamoja na glavu, kwani kingo za bati la nyuma ni kali.

Skrubu nyingi huonekana mlango ukifunguliwa, pembezoni mwa fremu, mara nyingi mbili kila upande. Fremu nyingine hubanwa kwa vishikizo visivyo na skrubu, na hizo hulegezwa taratibu kwa kuanzia pembe ya chini. Kitabu cha maelezo cha mtengenezaji kitakuonyesha aina yako. Zile zinazoning'inizwa juu ya jiko zina hatari ya ziada, kwa kuwa bolti zake hufunguliwa kutoka ndani ya kabati la juu na mashine hushuka mara tu ya mwisho inapotoka. Mwenzako aikamate kwa mikono miwili kabla hujaigusa bolti yoyote.

Hewa yetu ya chumvi huzila skrubu hata ndani ya nyumba. Ukikuta kichwa chenye kutu, chagua bisibisi inayokikaa barabara, dondosha tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya kijiti bila kupuliza kwenye matundu ya hewa, kisha usubiri robo saa. Unyevu nao huvimbisha mbao za unga, yaani zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na kabati lililovimba hubana mashine hata skrubu zikiwa zimetoka zote. Hapo watu hushika mtaimbo na kuuchokoa mlango, na hilo ni kosa kubwa: mlango uliopinda hauzibi tena sawasawa, na mawimbi yanaweza kuvuja siku mashine itakapowashwa kwingine. Afadhali kuuparua ubao.

Skrubu zikishatoka, funga mlango na uubane kwa selotepu pana. Kila mmoja ashike upande wake kwa chini, wala asiguse mkono wa mlango, na muivute kidogo kidogo. Upande wa vitufe kwa kawaida ndio mzito, kwa sababu transfoma imekaa nyuma yake, kwa hiyo mwenye nguvu zaidi asimame huko. Ikitoka kiasi cha shubiri moja, simameni mtazame nyuma kwa tochi kama waya umenasa au kama kuna plagi ambayo hamkuifikia. Kisha itoeni yote na muitue mezani kwa kukunja magoti.

Kuanzia hapo, gamba la mashine lisifunguliwe. Ndani yake mna kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inayofanya kazi kwa volti zaidi ya 2,000, nayo inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa, yenye nguvu ya kuua. Asiyefundishwa kuitoa chaji hiyo hana sababu ya kuifikia, hata kama amezoea kutengeneza redio na pasi.

Tazama pia uwazi ulioachwa. Soketi yenye weusi au harufu ya kuungua, au waya ulioguguniwa na panya, visitumiwe mpaka fundi avitengeneze. Ukikusudia kuweka mashine mpya, pima upana, kimo na kina cha uwazi wenyewe, si cha mashine ya zamani, na uache nafasi ya hewa ambayo mtengenezaji ameitaja.

Ikiwa unaitupa kwa ubovu, ukate waya wake ukiwa umeshachomolewa, uandike "mbovu" juu ya mlango, na uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za umeme. Ikichanganywa na taka za kawaida itafika kwenye jalala la Mwakirunge, na huko wapo watu wanaovunja kila chenye shaba kwa mawe na mikono mitupu, bila kujua kuna nini ndani.