Kabla hujazima masasisho ya kompyuta ya steshenari

Umeshapata fremu na kompyuta? Hongera. Sasa kabla mteja wa kwanza hajachomeka flashi yake, nisikilize.

Weka neno la siri, na usilibandike ukutani. Tafuta UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika; umeme wetu unaujua.

Kwenye masasisho usinikimbie. Watu hapa Mwanga, Kigoma, huniuliza: mbona Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi inaletewa viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama, ina maana ni mbovu? Programu kubwa yoyote haikosi matundu. Ila mvuvi wa dagaa hawashi taa pasipo na dagaa. Tundu moja la Windows ni mlango wa mamilioni ya kompyuta; programu ya watu mia, nani akeshe kwa ajili yake?

Hayo nilikuwa nayajua, lakini fundi akaniambia, "Kaka, zima hizo, zinakumalizia bando." Tukazima kwenye mashine zote tatu. Msimu wa maombi ya vyuo, foleni mpaka barazani, nafungua barua ya mteja: herufi ovyo. Ya pili hivyohivyo. Mara kioo kikajaa Kiingereza, wezi wanataka dola ndipo wayafungue mafaili, tena kwa bitcoin, pesa ya mtandaoni. Kijana wangu akakimbilia mashine ya pili, nayo imeshaliwa. Ya tatu ilipona kwa sababu tu ilikuwa haijawashwa. Dada mmoja kasimama na flashi mkononi: "Sasa kaka, na barua yangu ya jana?" Nikajifanya napangapanga karatasi.

Baadaye nikasoma habari za WannaCry, kirusi cha namna hiyohiyo, cha kufunga mafaili na kudai hela. Kiraka kilitoka 14 Machi 2017, kirusi kikavamia 12 Mei, hospitali za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. Karibu miezi miwili dawa ipo! Tena kiraka kikitoka, wezi nao wanakishusha, wanakilinganisha na programu ya zamani, wanaona tundu lilikuwa wapi. Wewe uliyechelewa umeshachorewa ramani ya nyumba yako.

Kwa hiyo acha yashuke usiku, kwa bando la usiku. Nakala za mafaili yako weka kwenye diski ya nje, kisha ichomoe; ikibaki imechomekwa nayo italiwa. Ukiuziwa mtumba wa Windows 7, viraka vya kawaida viliisha Januari 2020. Windows 10, Oktoba 2025. Uliza kabla hujatoa hela. Simu nayo sasisha. Ruta nayo, kile kifaa cha kugawa intaneti. Na hizo flashi za wateja, jamani, usizifungue kabla hujazipima virusi, hata akiwa jirani, hata akiwa na haraka ya kuwahi boti Kibirizi.