Baada ya usaili wa uhadhiri Uganda: faili lako liko wapi, na wewe ufanye nini

Watu waliokuhoji kwa nafasi ya uhadhiri pale Makerere, Kyambogo, Gulu au Busitema mara nyingi hawana mamlaka ya kukuajiri. Kazi yao ni kutoa alama na kupendekeza. Katika chuo kikuu cha umma anayeajiri ni Bodi ya Uteuzi, iliyowekwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, nayo inawajibika kwa Baraza la Chuo. Ndiyo maana mjumbe wa jopo anaweza kukupa mkono kwa furaha na kusema "tutawasiliana", kisha miezi ikapita kimya. Hakukudanganya. Faili limeshatoka mikononi mwake.

Anayejua faili linapita wapi anajua pia amuulize nani, aulize lini, na lini safari ya kwenda kuuliza ni kupoteza nauli tu.

Siku ileile ya usaili

Kabla hujalala, andika mahali pamoja jina kamili la nafasi, namba ya kumbukumbu ya tangazo, tarehe ya usaili, vyeo vya waliokuhoji, na kila kitu ulichoahidi kuleta. Hiki cha mwisho ndicho watu wanachosahau. Jopo likikuambia "tuletee barua inayoonyesha makala yako imekubaliwa", hilo ni deni, na faili lako linaweza kwenda mbele ya Bodi likiwa na pengo.

Peleka karatasi hiyo ndani ya siku mbili, na uipeleke kwenye ofisi ya rasilimali watu. Usimpe mjumbe wa jopo mkononi. Beba nakala mbili za barua ya kusindikiza: moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Hakikisha karani wa masijala ameiandika kwenye daftari lake. Ukiambiwa "iache tu hapo, nitaiingiza baadaye", subiri kwa heshima mpaka muhuri ugongwe. Barua isiyo na muhuri ni vigumu kuthibitisha kwamba ilifika, na karatasi katika ofisi zenye mafaili mengi hupotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Siku hiyohiyo tuma nakala kwa barua pepe, ila usiitegemee barua pepe peke yake.

Ukipenda kumshukuru mkuu wa idara, mistari mitatu inatosha. Usitumie nafasi hiyo kujibu upya swali lililokushinda, kwani utakuwa unawakumbusha jibu baya.

Halafu wapigie wadhamini wako, yaani wale uliowataja kwenye maombi wakutolee ushuhuda. Vyuo vingine huwaandikia baada ya usaili, na hapo faili nyingi husimama: barua imekwenda kwenye anwani ya zamani, au mdhamini yuko nje ya nchi kwa utafiti, au ujumbe umeingia kwenye folda ya spamu. Hakuna atakayekujulisha kwamba unachelewa kwa sababu ya mdhamini. Mpe kila mmoja jina la nafasi na la chuo, mwombe aangalie hata folda hiyo ya spamu, na kama amehama kazi, andikia ofisi ya rasilimali watu uwape anwani yake mpya.

Kinachochelewesha

Kwanza ni ripoti. Lazima iandikwe na wajumbe waitie saini, na akisafiri mmoja, inasubiri. Pili ni Bodi. Inakutana kwa ratiba yake na ina mambo mengi: kupandisha vyeo, nidhamu, mikataba. Muhula wa Baraza na Bodi ukimalizika kabla ya wapya kuwekwa, hakuna kikao wala wa kuteua. Mgomo wa wafanyakazi nao husimamisha kila kitu.

Tatu ni pesa, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Nafasi kuwemo kwenye muundo wa chuo hakumaanishi kwamba mshahara wake upo. Fungu la mishahara la chuo cha umma hutoka serikalini, na mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Usaili wa Aprili au Mei unaweza kuzaa barua ya Julai au Agosti hata kama Bodi ilishakubali, kwa sababu chuo kinasubiri fungu jipya. Kwa hiyo kimya cha Mei na Juni kisikutie hofu kama kimya cha Oktoba.

Vyuo binafsi, kama vile Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale au Chuo Kikuu cha Kikristo cha Mukono, haviajiri kutoka fungu la serikali, kwa hiyo uamuzi wao huweza kuja mapema zaidi. Kwao kimya cha miezi mitatu kina uzito zaidi.

Kuuliza

Kama jopo lilitaja tarehe ya majibu, ongeza wiki moja juu yake ndipo uulize. Kama halikutaja, ngoja wiki sita kwa chuo cha umma na wiki tatu kwa chuo binafsi. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha, na iwe kwa ofisi moja. Ukiuliza kwa mkuu wa idara, kwa katibu muhtasi wake na kwa mjumbe wa jopo wiki hiyohiyo, wataonana, na sifa utakayopata si nzuri.

La muhimu kuliko yote ni swali lenyewe. Usiulize "Je, nimepata?" Ofisa hana ruhusa ya kujibu hilo, kwa hiyo atasema "subiri". Uliza kuhusu hatua: "Je, ripoti ya usaili imeshafika mbele ya Bodi ya Uteuzi?" Swali hili analijibu bila kuvunja siri ya mtu, na jibu lake linakusaidia. Akisema "bado", unajua hakuna uamuzi wowote, mzuri wala mbaya. Akisema "imeshapita", barua zinaandaliwa, na wiki tatu nne zijazo zitakuonyesha upande wako.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi za vyuo vyetu, lakini iwe fupi namna hii:

"Ndugu Mkurugenzi, nilisailiwa tarehe fulani kwa nafasi ya Mhadhiri, tangazo namba fulani. Naomba kujua kama ripoti ya usaili imeshawasilishwa kwa Bodi ya Uteuzi, na kama kuna hati yoyote inayokosekana kwenye faili langu. Napatikana kwa simu hii."

Hilo swali la hati inayokosekana usiliache. Linampa ofisa sababu ya kulifungua faili.

Ukiwa na ofa nyingine mkononi, iseme wazi pamoja na tarehe yake ya mwisho. Bodi haitaitishwa kwa ajili yako, lakini ofisa anaweza kukuambia kama kuna kikao kabla ya tarehe hiyo. Kama hakipo, chukua iliyoandikwa. Maneno matamu ya mkuu wa idara hayalipi kodi ya nyumba.

Mambo matatu ya kukataa

Usiache kazi uliyo nayo mpaka barua ya uteuzi iwe mkononi na umeisoma. Pongezi za simu si barua.

Usimpe mtu pesa. Atakupigia mtu anayejua jina lako na nafasi uliyoomba, akidai "kitu kidogo" cha kusukuma faili, kitumwe kwa simu. Orodha ya walioitwa kwenye usaili mara nyingi hubandikwa hadharani, kwa hiyo kujua jina lako si ushahidi wa lolote. Hifadhi namba na ujumbe, kisha peleka taarifa kwa ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali.

Usifundishe kwa ahadi. Idara yenye upungufu inaweza kukuomba ushike vipindi "wakati tunasubiri barua yako". Unaweza kukubali, ila kwa barua ya mhadhiri wa muda inayotaja idadi ya saa na malipo kwa kila saa. Bila barua hiyo, kudai malipo baadaye ni shida, na vipindi hivyo havikupi haki yoyote ya kuajiriwa.

Karatasi za kushughulikia sasa

Kama shahada yako ni ya nje ya Uganda, ianzie kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ili itambuliwe. Vyeti vya sekondari vya Kenya, Tanzania au kwingine hulinganishwa na UNEB, bodi ya mitihani ya taifa ya Uganda. Ukiingoja barua ndipo uanze, tarehe ya kuripoti itakukuta kwenye foleni.

Linganisha majina yako herufi kwa herufi. Cheti kikisoma Aisha na kitambulisho cha taifa kikisoma Ayisha, mshahara unaweza kukwama, kwa sababu orodha ya mishahara ya serikali hufuata namba ya kitambulisho hicho. Tengeneza hati ya kiapo, na penye haja rekebisha NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa. Mwalimu wa shule ya serikali aanze pia kuulizia utaratibu wa kuachiliwa, maana jina lake haliwezi kulipwa na serikali sehemu mbili.

Barua ikifika, au isipofika

Soma cheo, ngazi ya mshahara, kama ni ajira ya kudumu au ya mkataba, kipindi cha majaribio, na tarehe ya kuripoti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka majaribio yasizidi miezi sita, na kuongezwa hadi sita mingine kwa ridhaa yako. Sheria hiyohiyo inadai utoe notisi unakotoka: mwezi mmoja kama umetumikia mwaka mmoja hadi mitano, miezi miwili kuanzia miaka mitano hadi kumi, miezi mitatu ukifika miaka kumi au zaidi. Aliyekaa kazini miaka saba akiitwa aripoti baada ya siku thelathini amebanwa. Aombe tarehe nyingine ndani ya barua yake ya kukubali, kabla hajaripoti. Weka pia akiba ya miezi miwili au mitatu, kwani mshahara wa kwanza huchelewa.

Vyuo vingi havimwandikii aliyekosa. Ukiona jina la mtu mwingine kwenye ratiba ya masomo ya nafasi yako, andika kuomba matokeo. Kwa chuo cha umma, raia anaweza kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayotaka jibu ndani ya siku 21. Omba alama zako mwenyewe, si za wenzako, na uliza kama ulionekana unafaa kuteuliwa. Aliyefaa akawa wa pili anaweza kuitwa wa kwanza akikataa. Nafasi ikitangazwa upya, omba upya kwa hati zote kamili, maana faili la mwanzo halihamishwi.