Vidung'ata kwenye sakulenti: ninavyowaondoa wiki kwa wiki

Ukiona kitu cheupe kama kijipamba kimejibana katikati ya majani ya sakulenti yako, yaani ile mimea ya majani manene yanayotunza maji, usikifute tu ukaenda zako. Hao ni vidung'ata, jamaa wa wadudu wanaokunja vilele vya mihogo shambani, na ule weupe ni nta wanayojifunika. Nauza mimea ya vyungu barazani kwangu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kila kiangazi, tangu Desemba hadi Machi hivi, wateja huniletea mimea iliyojaa wadudu hawa, maana joto na ukavu huwafanya wazaane upesi. Karibu kila mteja husimulia habari moja: alipulizia dawa, wakatoweka, baada ya wiki mbili wamejaa tena. Kumbe mayai yalibaki palepale.

Jike mmoja hutaga mayai 300 hadi 600 ndani ya kifuko cha nyuzi nyeupe, na kifuko hicho hakipitishi dawa kirahisi. Kwa joto letu huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Watoto ni wadogo mno, wa manjano hafifu, bado hawana nta nzito, na ndio wanaotambaa kuhamia majani mengine. Kazi yote ninayoieleza hapa inafuata hesabu hiyo ya siku.

Kwanza hakikisha ni wao

Echeveria, ile sakulenti yenye majani yaliyopangika kama ua la waridi, ina unga wake wa asili, mshubiri mchanga una madoa meupe ya kuzaliwa nayo, na maji ya kisima huacha chumvi nyeupe kwenye ukingo wa chungu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kwangua weupe huo, uuponde juu ya karatasi. Ukiacha doa la manjano au la waridi lenye majimaji, ni vidung'ata. Chungulia kwapa za majani, kitovu cha mmea panapotoka majani mapya, na upande wa chini wa majani yaliyogusa udongo. Dalili nyingine ni jani kunata ukilishika, ukungu mweusi kama masizi, na sisimizi wanaopanda na kushuka. Sisimizi hunywa maji matamu yanayotolewa na vidung'ata, kwa hiyo huwalinda dhidi ya maadui na hata kuwabeba. Ukiwaacha sisimizi, utahangaika sana.

Hatua ya 1: Utenge mmea

Uweke mbali na mingine, majani yasigusane. Kagua na majirani zake wote. Chungu kiweke juu ya kitofali ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wasivuke.

Hatua ya 2: Spiriti, kidudu kwa kidudu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo kaa chini, usiwe na haraka. Nunua duka la dawa spiriti ya asilimia 70, ile wanayofutia ngozi kabla ya sindano. Soma karatasi yake, maana nyingine huchanganywa na mafuta, na mafuta huziba ngozi ya jani. Wengi huniuliza kama waragi, pombe kali ya huku Uganda, inafaa. Ya dukani ina kilevi cha asilimia 40 hivi, ni dhaifu kwa nta hii, tena zile zilizotiwa ladha huacha sukari inayoita sisimizi.

Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku mbili. Likibaki salama, endelea. Chovya pamba za masikio, gusa kila kidung'ata mpaka weupe wake uyeyuke na mwili wake uonekane, kisha mwondoe kabisa. Kwapani pamba haifiki, basi tumia kijiti cha meno kilichoviringishiwa uzi wa pamba, ukiingize kwa kukizungusha polepole. Kwenye echeveria gusa palipo na mdudu tu, kwa sababu unga wake ukifutika haurudi kwenye jani hilo. Majani makavu ya chini yang'oe yote, wanapenda kujificha humo.

Fanya jioni, kivulini. Mwaka mmoja nilipaka trei nzima saa sita mchana nikairudisha juani. Kesho yake majani yalikuwa na mabaka ya kahawia, na makovu hayo hayakuondoka mpaka majani yakazeeka na kuanguka.

Hatua ya 3: Toa mmea kwenye chungu

Watu huiruka hatua hii. Wapo vidung'ata wanaoishi kwenye mizizi, nao huacha unga mweupe wenye ubuluu kidogo ubavuni mwa chungu kwa ndani. Hajati jirani yangu aliniletea mshubiri uliosinyaa, majani yamekunjamana ingawa aliumwagilia vizuri. Juu hapakuwa na kitu. Tulipoupindua, mizizi ilikuwa kama imevingirishwa kwenye unga wa muhogo. Akashika kichwa: "Mwanangu, na mimi nilikuwa nauongezea maji!"

Osha mizizi kwa maji yanayotiririka, kata iliyooza, uache mmea ukauke kivulini siku 3 hadi 5. Udongo wa zamani utupe, chungu kisugue kwa sabuni na maji ya moto. Panda kwenye mchanga mnene wa mtoni, udongo kidogo na vipande vya makaa, halafu usimwagilie mpaka wiki ipite. Samadi punguza: mmea ulioshibishwa sana hutoa majani laini, na vidung'ata huyafurahia.

Hatua ya 4: Sabuni au mwarobaini

Spiriti huua unaowaona. Kwa wale watoto wanaotambaa, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika lita moja ya maji, pulizia jioni, suuza asubuhi. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Huku West Nile mwarobaini umejaa, nami huuamini: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja, tia tone la sabuni. Krasula, ile yenye majani ya mviringo, haipendi sabuni wala mafuta, hiyo itumie spiriti peke yake.

Dawa kali zinazoingia ndani ya mmea sizitumii kwenye mshubiri ambao watu hupaka au hunywa, wala kwenye kalankoe inayochanua, kwa sababu ya nyuki.

Hatua ya 5: Rudia kila siku 7

Ziandike tarehe kwenye chungu chenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Wiki ya pili utawakuta wachache, ya tatu huenda usione hata mmoja, lakini endelea hadi wiki ya tano. Mmea urudi kwa wenzake baada ya wiki tatu mfululizo bila mdudu. Mmea mpya ulionunua nao utengwe wiki tatu hizohizo, hata kama unang'aa.

Ikiwa kitovu kimeoza, kata kipande cha juu kilicho safi, kifute kwa spiriti, kikauke siku kadhaa, ukipande upya. Kilichobaki kichome. Usikitupe kwenye mboji wala chini ya mpapai.