Siku moja ya kuandaa kaya kabla ya masika

Anza na gata alfajiri, bati likiwa bado la baridi. Ikifika saa tano halikanyagiki. Zoa majani, kisha mwaga ndoo ya maji upande ulio mbali na simtanki. Maji yakituama, gata imelala: inua ncha hiyo mpaka upate mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Simtanki lisuguliwe likiwa tupu, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaende nje, maana yanabeba vumbi na mavi ya ndege.

Banda la kuku ni kazi fupi. Toa maranda ya zamani, weka makavu. Yale ya zamani yapeleke kwenye rundo la samadi. Ukiyamwaga shambani mabichi yanaunguza miche.

Shamba ndilo linalokula siku. Funga mafundo kwenye kamba kila sentimita 30, na mstari hadi mstari acha 75. Chimba shimo la sentimita 10, weka kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia ya DAP, fukia mpaka nusu, ndipo udondoshe punje moja ya mahindi na kufukia tena. Mbegu ikigusa mbolea huungua hukohuko chini, halafu lawama zinamwendea muuza mbegu.

Mbegu za akiba zijaribu wiki moja kabla: punje 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zisipoota 17, tafuta nyingine. Na usidanganywe na manyunyu. Subiri udongo ulowe kina cha kiganja.