Kabla hujaisukuma dabo besi yako mjini

Dabo besi, lile fidla kubwa linalopigwa limesimamishwa, ina urefu wa kama sentimita 180, lakini kilo zake ni kumi na kidogo tu. Hapo ndipo wasaidizi wanapoharibu: anaiona nyepesi, anaikamata shingo kama mbuzi wa mnadani. Mwelekeze kabla hajagusa. Mkono mmoja shingoni, mwingine kiunoni.

Begi liwe na sponji nene. Upinde wa kuipigia ubebe peke yake. Chuma cha chini, kile besi inachosimamia, kirudishe ndani. Mlango wa gari upime kwa futi jana yake, sio asubuhi ya shughuli. Noah iliyokunjwa viti inatosha. Bajaji usijaribu, kichwa kitabaki nje na dereva wa daladala hana habari nacho. Garini ilaze ubavu, kifudifudi kamwe. Na usiifungie garini juani hata kama unakula chipsi za haraka, maana nyingi zimeungwa kwa gundi ya ngozi, na joto la Dar huilegeza gundi hiyo.

Tuje kwenye magurudumu. Kuna gurudumu moja linalochomekwa pale kinapokaa chuma cha chini, unaisukuma besi ikiwa imeinama. Kuna pia kitoroli cha magurudumu mawili, kinafungwa kwa mikanda. Chochote utakachonunua, kiwe na tairi pana la upepo, sio plastiki ngumu ya kiti cha ofisini. Halafu kitumie kwenye sakafu: ukumbini, kwenye korido, kwenye lami iliyonyooka. Kwingine beba.

Mimi sikubeba. Nilikuwa nawahi boti ya Unguja, nimeitwa kuziba nafasi kwenye shughuli ya taarabu. Nikashuka Posta ya Zamani na kigurudumu changu cha plastiki, nikashika Barabara ya Sokoine. Juu ya pevingi inatetemeka trrrr mpaka meno yanawasha, na mimi naona raha, mikono haichoki. Karibu na Kanisa la Mtakatifu Joseph kigurudumu kikazama kwenye upenyo wa mfuniko wa mtaro. Besi ikasimama ghafla, mimi nikaipita. Ndani yake nikasikia *tok*, kisha kitu kikabingirika kama penseli kabatini. Nikajiambia ni kipande cha ulimbo, ule wa kupaka upinde. Boti haisubiri.

Haikuwa ulimbo. Ndani ya besi kuna kijiti kinachosimama kati ya tumbo, yaani ubao wa mbele, na mgongo, karibu na mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, upande wa nyuzi nyembamba. Waitaliano wanakiita *anima*, yaani roho. Hakina gundi, kinashikwa na mbano tu. Kikianguka, tumbo linabaki kubeba mkazo wa nyuzi bila nguzo.

Nilipofika nikakuta nyuzi zimeshuka. Nikazikaza. Sauti ikatoka imekwama kooni, nikalaumu unyevu wa baharini, nikapiga hivyo hivyo hadi usiku, nikailaza na nyuzi zake zimekaza vilevile. Asubuhi tumbo lilikuwa limebonyea na ufa wa urefu wa kiganja. Mzee aliyeifungua alichungulia kwa tochi kwenye tundu, akanigeukia: "Sasa mwanangu, roho imeanguka unaisikia, nani alikwambia ukaze?"

Kwa hiyo ukisikia kitu kinabingirika ndani, simama hapo hapo. Legeza nyuzi zote nne, kidogo kidogo kwa zamu, usimalize mmoja ukahamia mwingine. Kwanza kunja kanga uitandike chini ya kile kipande kinachoshika nyuzi kwa chini, kwa sababu daraja likianguka nacho kitagonga tumbo. Halafu tafuta fundi wa vinanda vya nyuzi. Seremala wa vitanda mwache na vitanda vyake. Atakupigia gundi ya kopo, na atakayekuja kuifungua baada yake atakulaani.

Kabla ya kutoka, kagua tairi lina upepo na mikanda haijalika. Mvua ikitanda, ahirisha au kodi gari la kufunika, maana maji yakijaa barabarani hiyo mitaro huioni kabisa. Mpagazi patana naye bei kabla hajashika kitu, na shingo ushike wewe. Kwenye ngazi za boti usikubali kuharakishwa na aliye nyuma yako. Na vipepeo vya feni kwenye kumbi zenye dari fupi, viangalie kabla hujaisimamisha.