Kupunguza wanga bila kulala na njaa: anzia kwenye mboga

Muulize mtu wa kwetu kama amekula. Hata kama ametoka kumaliza samaki mzima na bakuli la mchicha, atakujibu: "Bado, nimeonja mboga tu." Chakula ni ugali, wali, ndizi au makande. Vingine vyote ni mboga, hata kama ni nusu kuku.

Mimi mwenyewe nilipunguza wanga, kisha nikaanza kuwaelekeza wengine hapa Dar es Salaam, na wengi ninaowaona wakishindwa hushindwa hapo hapo. Wameondoa chakula, wamebaki na mboga iliyopimwa kusindikiza ugali: kipande cha samaki, mchicha wa vijiko vitatu, mchuzi wa kuchovya. Saa tisa alasiri njaa inamtoa mtu ofisini kwenda kutafuta andazi, jioni ananiambia hii kitu haiwezekani. Kwa mboga ile, kweli haiwezekani.

Hatua ya 1: kabla ya jiko, kabati la dawa

Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari vya aina ya glibenklamidi, usianze kabla hujaongea na daktari wako. Dawa hizo zimepimwa kwa mtu anayekula ugali. Ukiondoa ugali na dozi ikabaki ile ile, sukari itashuka kupita kiasi.

Nilimpata mzee mmoja aliyesoma kuhusu mlo huu kwenye simu, akaamua kuanza Jumatatu bila kumwambia mtu. Alikunywa vidonge vyake asubuhi, akala mayai mawili, akaenda kazini. Saa sita mikono inamtetemeka, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kipimo kilisoma 2.8. Chini ya 4 ni hatari tayari (kwa vipimo vinavyosoma kwa miligramu, chini ya 70). Tulimkorogea vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji akanywa, tukasubiri dakika 15, tukapima tena. Alipona, ila ingemkuta barabarani anaendesha gari ingekuwa habari nyingine.

Wa presha nao waangaliwe, maana mlo huu hutoa maji na chumvi mwilini, na presha inaweza kushuka huku dawa zinaendelea kuishusha. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, ambavyo ni vidonge vingine vya sukari, asijaribu bila daktari, kwani damu yake inaweza kujaa asidi hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha yuko sawa. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari cha aina ya kwanza na mgonjwa wa figo wasianze peke yao.

Metformini, nayo dawa ya sukari, ikiwa peke yake kwa kawaida haishushi sukari hivyo. Bado mwambie daktari.

Hatua ya 2: siku tatu za kuandika

Chukua daftari. Kwa siku tatu usibadili chochote, andika tu kila kinachoingia mdomoni, pamoja na chai. Halafu kaa chini upige hesabu. Makadirio haya yanatosha kuanzia:

Ugali wa gramu 150 za unga, ambao mtu mwenye njaa anaumaliza bila kutoa jasho, una wanga zaidi ya gramu 110. Kikombe cha wali, gramu 45 hivi. Chapati iliyotokana na gramu 60 za unga, nayo inafika 45. Soda ya mililita 350, kati ya 35 na 40. Kijiko cha chai cha sukari, 4, kikiwa cha kusawazisha; cha kurundika kama tunavyochota wengi wetu ni zaidi. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 40, ila zaidi ya 10 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari.

Upande wa pili: nyama, samaki, dagaa na mayai karibu hakuna kitu. Mchicha, tembele, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu: kidogo sana. Parachichi lina wanga, lakini sehemu kubwa ni nyuzinyuzi.

Kuhusu dona, maana swali hili lazima lije. Dona ni bora kuliko sembe, ina nyuzinyuzi na virutubisho vilivyoachwa kwenye pumba. Lakini wanga wake unakaribiana na wa sembe. Kuhama kutoka sembe kwenda dona huku ukubwa wa ugali ni ule ule si kupunguza wanga. Uji wa lishe pia ni wanga, na asali ni sukari hata kama imetoka Tabora na nyuki wake.

Ukimaliza hesabu utakuta pengine unakula gramu 300 au zaidi kwa siku. Wengi huita mlo wa wanga mdogo pale unaposhuka chini ya 130. Ule mkali wa ketoni, unaoufanya mwili uchome mafuta badala ya wanga, ni kati ya 20 na 50. Mimi huanza na watu kwenye 100 hadi 130, na wengi hubaki hapo. Kushuka hadi 20 kwenye nyumba inayopika ugali kila siku ni kujitafutia ugomvi.

Wazo lenyewe si geni, wala halikuletwa na simu. Mwaka 1863, jijini London, William Banting, mtu wa shughuli za mazishi, alichapisha simulizi ya jinsi alivyopungua baada ya daktari kumwachisha mkate, sukari, viazi na bia. Afrika Kusini hadi leo ukifuata mlo huu watu husema unafanya "banting".

Hatua ya 3: pika mboga mpaka iwe chakula

Hapa ndipo pa kukaa. Mboga yetu ni kidogo na ina chumvi kali kwa sababu kazi yake ni kupitisha tonge. Ukiila peke yake kwa wingi inakukera ulimi, ukiila kidogo unabaki na njaa. Kwa hiyo badili vitu viwili: ongeza kiasi, punguza ukali.

Chukua mchicha wa nazi. Nyumba ya watu wanne hununua mafungu matatu. Wewe nunua matano au sita. Utaona sufuria imejaa hadi mfuniko haukai, usiogope, dakika tano tu umesinyaa wote chini. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili mpaka nyanya zilainike, weka mchicha, geuza, acha maji yake yapungue. Kuna nazi moja, kamua tui zito pembeni na tui jepesi pembeni. Jepesi litangulie, lichemke na mchicha. Zito liingie mwisho, na ukishalimimina usiondoke jikoni: koroga taratibu bila kufunika mpaka lichemke, la sivyo litakatika na utabaki na vidonge vyeupe vinavyoelea kwenye maji. Chumvi onja baada ya tui kuiva, weka nusu ya ile uliyozoea.

Pakua bakuli zima, si kijiko pembeni. Juu yake weka mayai mawili ya kuchemsha, au sato mzima, au dagaa waliokaangwa wakakauka. Nusu ya parachichi pembeni. Sahani ya namna hii inakuvusha kuanzia saa saba mchana mpaka usiku.

Kuna wanaosikia "kula mafuta" wakaanza kunywa mafuta ya nazi kwa kijiko asubuhi. Sioni sababu. Mafuta ni ya kupikia chakula kikae tumboni. Ukiyanywa pembeni unaongeza nguvu ambayo mwili ungeichukua kwenye kitambi chako.

Kwa mama lishe mambo ni rahisi kuliko unavyodhani, bora useme mapema kabla hajapakua. "Mama shikamoo, nipe samaki wawili na mboga za majani mara mbili, ugali acha." Siku ya kwanza atakuuliza, "Vipi baba, unaumwa?" Siku ya tatu anakuwekea bila kuuliza. Bei mpatane, maana ugali ndio unaomfanya auze kwa bei ile. Usitegemee samaki wa pili awe bure.

Hatua ya 4: ondoa kwa ngazi

Wiki ya kwanza toa vya kunywa tu: soda, juisi, sukari kwenye chai. Chai ya tangawizi au ya mdalasini bila sukari ni chungu siku nne, halafu ulimi unazoea. Wiki ya pili badili asubuhi, chapati na maandazi vipishe mayai, supu au parachichi. Wiki ya tatu toa ugali wa usiku. Wa mchana uwe wa mwisho, na si lazima uondoke wote. Tonge la ukubwa wa ngumi yako lina nafasi ndani ya gramu 130.

Wapo wanaokata vyote siku moja wakafanikiwa. Hongera kwao.

Yatakayokusumbua

Kichwa, kizunguzungu na uchovu, kwa kawaida siku ya pili hadi ya tano. Watu husema mwili unadai ugali. Kinachodaiwa mara nyingi ni chumvi. Wanga ukipungua, insulini hushuka, na insulini ikishuka figo huachia chumvi nyingi zaidi kwenye mkojo, maji nayo yanaifuata. Ndiyo maana utakojoa sana siku za mwanzo. Kunywa maji matupu kwa wingi hakusaidii, kunaweza hata kuzidisha. Dawa yake ni bakuli la supu yenye chumvi: ya mifupa, ya makongoro, ya samaki, asubuhi na jioni kwa wiki moja. Wengi huniambia nusu saa tu baada ya supu kichwa kimetulia. Mwenye presha, moyo au figo asiongeze chumvi bila ruhusa ya daktari wake.

Misuli kukaza usiku, hasa shavu la mguu, ni ndugu wa tatizo hilo hilo. Supu, parachichi, mchicha, mbegu za maboga. Zikiendelea wiki mbili, kapime.

Choo kigumu kinawapata wanaokula nyama na mayai tu. Bamia, mlenda, majani, maji. Mlenda hasa, na huhitaji ugali kuula, ingawa najua utaniona mwongo mpaka ujaribu kwa kijiko.

Harufu ya mdomo kama ya tunda lililoiva sana, au ya rangi ya kucha, ni asetoni, kitu ambacho mwili hutoa unapochoma mafuta; inatokea ukishusha wanga sana. Hupungua yenyewe. Lakini kwa mwenye kisukari, harufu hiyo pamoja na kutapika au kuhema kwa nguvu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu mizani. Wiki ya kwanza unaweza kupoteza kilo mbili au tatu, ukapiga picha, ukawatumia ndugu. Mengi ni maji. Mwili hutunza akiba ya wanga, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji yanaondoka. Wiki ya tatu mizani inasimama, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Tumia futi ya fundi cherehani: pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi, mara moja kwa wiki. Nina wateja ambao mizani haikusogea mwezi mzima na mkanda ukaingia tundu mbili.

Kama kiuno nacho hakisogei, rudi kwenye daftari. Mara nyingi mkosaji ni korosho. Gramu 100 zina wanga karibu 30, na mtu anazimaliza akiangalia mpira bila kujua. Baada ya korosho, shuku maziwa, kisha bia.

Pima lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu. Kwa baadhi ya watu ile mbaya hupanda. Ikipanda, punguza nazi na samli, ongeza samaki, karanga na parachichi, kisha rudi kwa daktari.

Na anayebeba mizigo sokoni au kulima kutwa nzima, sitamwambia aache magimbi yake. Mwili wake unayatumia yote kwa kazi hiyo.

Futari, misiba na wakwe

Ramadhani ina mtego wake, kwa sababu meza ya futari ni wanga juu ya wanga: tende, uji, muhogo wa nazi, viazi, kaimati. Mimi hufungua na tende moja na maji, nikaswali, nikarudi kwenye supu na samaki. Magimbi nachukua kipande kimoja, kwa sababu ya magimbi yenyewe.

Msibani chakula ni kinachopikwa, na kula sahani moja ya wali hakukuharibii mwezi. Kaa na wenzako ule.

Kwa wakwe ndiko kugumu. Ukikataa wali wa mama mkwe umemkataa yeye, na ukionekana umepungua, maneno yameshaanza. Usikatae. Chukua vijiko vitatu, kula taratibu, halafu mwambie, "Mama, huyu samaki wako leo amenishinda, naomba uniongezee." Atakuongezea, atamwita na jirani aje asikie, na hakuna atakayekumbuka kuangalia wali uliobaki.